"Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi": Hiyo ni Sheria ya Nani?

Katika maduka mengi ya vyombo vya umeme vilivyotumika, Itigi kama Manyoni, na Manyoni kama Dar es Salaam, kuna maneno matatu ambayo mnunuzi hukutana nayo kila mara: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Pengine yamepigwa chapa chini ya stakabadhi, pengine yameandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya kichwa cha muuzaji, kana kwamba ni kifungu cha Katiba. Wananchi wengi huyasoma, wakayaamini, wakanyamaza. La kusikitisha zaidi ni kwamba miongoni mwa wanaonyamaza wamo walimu, wauguzi, makarani na maofisa wa serikali, yaani watu wale wale ambao jamii inawategemea waielimishe juu ya haki zake.

Swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: maneno hayo ni sheria ya nani? Ni nani aliyeitunga, na ni mahakama gani iliyokubali kuitumia?

KISA CHA JOKOFU

Nianze na kisa kimoja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Itigi, mama wa watoto watatu, alikusanya fedha kwa mwaka mzima kwa njia ya upatu pamoja na wenzake. Nia yake ilikuwa kununua jokofu la kugandishia, apate kuuza barafu na maji baridi. Wanaoifahamu Itigi watakubali kwamba hilo halikuwa wazo baya. Mji umekaa kwenye Reli ya Kati, katika nchi kavu yenye vichaka vizito ambavyo vimeupa mji huo sifa hata kwa wataalamu wa mimea. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, jua halina huruma. Abiria wa treni huteremka na kiu, na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar hupokea wagonjwa kutoka mbali pamoja na ndugu zao wanaowauguza. Mwenye maji baridi mahali kama hapo hakosi mteja.

Basi mwalimu yule alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa vyombo vilivyotumika, akamweleza bayana kwamba anataka jokofu la kugandishia barafu ya biashara. Akaonyeshwa moja, jeupe, limesuguliwa likang'aa. Akaambiwa kwamba limetoka Ulaya na halijapata kufunguliwa na fundi yeyote. Likawashwa pale pale dukani, likanguruma, likapoa. Mwalimu akalipa shilingi laki nne na nusu kwa simu. Stakabadhi akaahidiwa kuletewa kesho yake. Kesho hiyo haikufika.

Siku ya kumi na moja jokofu liliacha kugandisha. Siku ya kumi na nne likawa kabati. Fundi alipoligeuza alikuta bomba la nyuma limechomelewa upya na kovu lake kupakwa rangi, gesi imevuja yote, na kompresa imechoka. Kwa maneno mengine, chombo kilichosemwa hakijaguswa na mtu kilikuwa kimetoka mikononi mwa mafundi juzi tu. Mwalimu alirudi dukani kulalamika. Muuzaji hakumjibu kwa maneno, alimnyoshea kidole ukutani.

Shuleni wenzake walimpa pole, na pamoja na pole wakampa ushauri. Wa kwanza alimwambia amwachie Mungu. Wa pili alisema mahakama ni za matajiri. Wa tatu alipiga hesabu kwamba kesi ya laki nne itakula laki sita. Wa nne aliona ni aibu kwa mwalimu kuonekana kwenye benchi la mahakama akigombea jokofu bovu. Katika chumba kizima cha walimu, chenye watu waliosoma mpaka wakahitimu, hakuna aliyesema: "Mahakama ya Mwanzo iko pale, twende tukaulize."

Hapo ndipo kilipo kiini cha makala haya. Ubovu wa jokofu ulikuwa hasara ya mtu mmoja. Ujinga wa chumba kile ni hasara yetu sote.

SHERIA INASEMA NINI

Nchi hii inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Tuliirithi kutoka utawala wa Waingereza, nayo ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake wa zamani ni kwamba mnunuzi afumbue macho. Lakini sheria hiyo hiyo iliona mapema kwamba macho ya mnunuzi hayaoni ndani ya kompresa, ikaweka masharti ambayo huwamo katika mapatano hata kama hayakutamkwa.

Sharti la kwanza: mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ikawa ya aina ambayo muuzaji huifanyia biashara, basi bidhaa haina budi kufaa kwa kazi hiyo. Mwalimu wetu alisema anataka kugandisha barafu, wala hakusema anataka kabati la kuwekea vikombe. Sharti la pili: bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa za namna hiyo haina budi kuwa katika hali inayostahili kuuzwa.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, si nusu yake. Sheria haisemi kwamba kila kilichoharibika kirudishwe. Kilichotumika ni kilichotumika. Hakuna anayeweza kudai chombo chenye umri wa miaka kumi kiwe na nguvu za kipya. Aidha, mnunuzi aliyekikagua chombo hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuifichua. Mlango uliopinda ni mzigo wako, kwani uliuona. Lakini bomba lililochomelewa likafichwa kwa rangi nyuma ya chombo ni jambo jingine kabisa. Vile vile, anayenunua kwa jirani anayehama, asiye mfanyabiashara wa vyombo hivyo, hana ulinzi wote alionao anayenunua dukani.

Pamoja na hiyo ipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hiyo yasema kwamba mtu aliyekubali mapatano kwa sababu ya kudanganywa, au kwa kuelezwa jambo lisilo kweli, anaweza kuyatangua mapatano hayo. Yasema pia kwamba anayevunja mkataba humlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Tena mkataba si lazima uwe wa maandishi na muhuri. Mwalimu na muuzaji walipatana kwa midomo, fedha zikalipwa, mali ikachukuliwa. Hayo ni mapatano kamili.

Tatu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, imekataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora na hali ya bidhaa.

Je, yale maneno matatu ya ukutani? Ni kweli kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inawaruhusu watu wawili kupatana kuyaacha baadhi ya masharti niliyoyataja. Lakini kupatana ni kupatana. Tangazo ambalo mnunuzi hakuelezwa, au karatasi anayokabidhiwa baada ya fedha kuingia mfukoni mwa mwenzake, ni vigumu kuitwa mapatano. Na hakuna tangazo, liwe la rangi nyekundu au la dhahabu, linaloweza kuugeuza uongo ukawa biashara halali.

MAHAKAMA ILIYO JIRANI

Jirani zetu wamezipa mahakama za madai madogo jina lake mahususi. Uganda ilitunga kanuni za madai madogo mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016, na mahakama hizo zikaanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inazitaka zimalize shauri katika siku 60.

Tanzania Bara haina mahakama yenye jina hilo. Lakini kazi hiyo tunayo, na tumekuwa nayo muda mrefu kuliko majirani. Inaitwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, ikiwa pamoja na mabadiliko ya mwaka 2016, mahakama hiyo inaweza kusikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Jokofu la laki nne na nusu limo humo na nafasi inabaki.

Lugha yake ni Kiswahili, wala haikusubiri mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama ndani yake. Mdai na mdaiwa walisema wenyewe mbele ya hakimu. Hata sasa wakili si lazima. Mtu anayeweza kumweleza mzazi kwa nini mtoto wake ameshindwa mtihani anaweza kumweleza hakimu kwa nini jokofu lake halipoi.

Shauri hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au mahali jambo lenyewe lilipotokea. Mdai hueleza madai yake, kwa mdomo au kwa maandishi, hulipa ada, na mdaiwa hupelekewa hati ya kuitwa shaurini. Mdaiwa akikaidi wito, shauri linaweza kusikilizwa na kuamuliwa bila yeye. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya, ambayo kwa watu wa Itigi iko Manyoni.

Na ushahidi? Wengi hudhani kwamba asiye na stakabadhi hana kesi. Stakabadhi ni silaha kubwa, na kila mnunuzi anapaswa kuidai, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, katika mashauri ya madai mahakama haihitaji uthibitisho usioacha shaka yoyote, kama katika kesi ya wizi au mauaji. Kanuni za ushahidi za Mahakama za Mwanzo zinataka hakimu ampe haki yule ambaye ushahidi wake ni mzito zaidi. Mahakama Kuu nayo ilikwisha kusema, katika uamuzi wa mwaka 1984 ambao hutajwa hadi leo, kwamba wadaawa hawawezi kutoka sare. Mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake ndiye anayestahili kushinda. Ujumbe wa simu unaoonyesha nani alilipwa, kiasi gani na siku gani ni ushahidi, kwani sheria ya mwaka 2015 imeutambua ushahidi wa kielektroniki. Kijana aliyesukuma mkokoteni ni shahidi. Fundi aliyeligeuza jokofu ni shahidi.

Ningependa kuongeza onyo moja. Wako wanaokimbilia kituo cha polisi ili askari wakamtishe muuzaji. Kama pana jinai, polisi wanayo kazi yao. Lakini polisi si wakusanyaji wa madeni ya watu binafsi, na anayewatumia hivyo hujikuta ameondoka na hasira bila fedha.

MWISHO WA KISA

Mwalimu yule hatimaye alifuata njia. Aliyemwonyesha alikuwa karani mmoja aliyestaafu, mzee asiye na shahada. Kwanza alimwandikia muuzaji barua, akamweleza kasoro, akadai fedha zake katika siku 14, akabaki na nakala iliyotiwa saini na aliyeipokea. Barua haikujibiwa. Akaenda Mahakama ya Mwanzo akafungua madai.

Siku ya kwanza muuzaji hakufika. Siku ya pili alifika, akasema hakuahidi chochote, na kwamba mnunuzi mwenyewe aliliona jokofu likiwaka. Lakini jina lake lilikuwamo katika ujumbe wa malipo, na vijana wawili waliokuwapo dukani walisikia akisema chombo hakijafunguliwa. Fundi alikuja na kipande cha bomba, kikawekwa juu ya meza ya hakimu kila mtu akakiona. Kabla ya hukumu muuzaji aliomba wapatane. Mapatano yakaandikwa na mahakama: jokofu lirudi dukani, naye arudishe laki nne na nusu, pamoja na gharama za fundi na ada, kwa mafungu matatu. Mafungu mawili yalikuja kwa wakati. La tatu lilikuja pale tu mwalimu alipokwenda kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mara nyingine dawa hiyo hunywewa kwa kushikiwa kijiko.

Sitaki nipambe mambo. Shauri lile lilichukua karibu miezi mitatu. Mwalimu aliomba ruhusa kazini mara nne, na mara moja alikatwa maneno na mkubwa wake. Msimu wa joto, ambao ndio msimu wa barafu, ulipita bila yeye kuuza hata kipande. Asingekuwa na mashahidi, pengine angeshindwa. Haki ilimfikia ikiwa imechoka kwa safari, lakini ilimfikia.

Vile vile haki inatutaka tumsikilize na muuzaji. Yeye mwenyewe alidai kwamba alilinunua jokofu lile Dar es Salaam pamoja na mengine, kwa jumla, bila kupewa nafasi ya kulijaribu. Inawezekana kabisa ni kweli. Wengi wa wauzaji wetu wadogo nao huuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini jawabu la aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia ni kumdai aliyemwuzia. Hana ruhusa ya kulifunga gunia lile lile na kumbebesha mwalimu.

KWA NINI TUNANYAMAZA

Nadhani unyamavu wetu una historia. Katika miaka ya uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mnunuzi alipanga foleni na kushukuru alichokipata. Bei ilipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, na aliyeona amedhulumiwa aliingojea serikali imsemee. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na tangu hapo vyombo vipya na vya mitumba vikamiminika. Foleni zikaisha, na Tume ya Bei nayo haipo tena. Lakini mnunuzi alibaki na mazoea yale yale: kushukuru kwa kupata. Tulijifunza kununua katika soko huria bila kujifunza kudai ndani yake.

Nani atamfundisha? Mkulima wa alizeti anayenunua redio, mrina asali anayenunua taa ya umeme wa jua, mama lishe anayenunua jiko la gesi, wote hawa wakikwama humwendea mwalimu au mtumishi wa serikali na kumwuliza: "Mwalimu, hapa nifanyeje?" Ikiwa mwalimu mwenyewe anaamini kwamba maneno ya ukutani ni sheria, basi jibu lake litakuwa pingu kwa huyo aliyemwuliza.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, walimu wa Uraia wafundishe jinsi ya kufungua shauri la madai kwa mifano ya jokofu na redio, si kwa kukariri ngazi za mahakama peke yake. Pili, wakuu wa shule na ofisi waache kumwona mtumishi anayekwenda mahakamani kudai haki yake kuwa mkorofi. Wampe ruhusa kama wanavyompa wa msiba. Tatu, Mahakama zetu za Mwanzo ziwekewe muda maalumu wa kumaliza madai madogo ya bidhaa, kama Kenya ilivyojiwekea siku zake 60, na maelezo ya utaratibu na ada yabandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Nne, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wafike katika miji midogo iliyo kandokando ya reli, wasiishie makao makuu ya mikoa.

Nao wafanyabiashara waaminifu, ambao ni wengi, wasiyaone haya kuwa vita dhidi yao. Wao ndio wa kwanza kunufaika, kwa sababu mwongo anayeuza kwa bei ya chini humharibia soko mkweli. Muuzaji anayeandika kwenye stakabadhi aina ya chombo, namba yake, kasoro zake na siku za kukijaribu hana sababu ya kuiogopa mahakama.

Ndugu zangu walimu na watumishi, safari nyingine mtakaponyoshewa kidole ukutani, yasomeni maneno yale kwa utulivu. Kisha ulizeni kwa adabu: "Ndugu muuzaji, hii ni sheria ya nani?" Asipokuwa na jibu, njia ya Mahakama ya Mwanzo mnaijua.